help() au AI ndani ya konsoli ya Python?
Mwanafunzi wa Kijitonyama akiandika x = [3, 1, 2].sort() kwenye konsoli (dirisha la kuandikia amri za Python, lugha ya kuandikia programu) kisha akaita x, konsoli inanyamaza. help(list.sort), yaani msaada uliomo ndani ya Python yenyewe, itamjibu papo hapo, bando liwepo lisiwepo: orodha inapangwa palepale, kinachorudishwa ni None, yaani "hakuna kitu". Tatizo, jibu lenyewe ni Kiingereza kikavu, na lazima ujue uulize nini.

AI iliyounganishwa na konsoli inasoma mstari wako wenyewe, inaeleza kwa Kiswahili kwa nini x imebaki None, kisha inakuelekeza kwenye sorted(), inayorudisha orodha mpya iliyopangwa. Hapo inashinda wazi. Ila ile ya mtandaoni inakula bando, msimbo wako unasafiri hadi seva za watu, na mara nyingine inabuni funksheni isiyokuwepo, tena kwa kujiamini! Kwa anayeanza ningeiweka, lakini ijibu ikiitwa tu. Kumrukia mtu kila mstari ni kero.