Kaunta buku ya kwaya nne: daftari la wageni lililodumu hadi Novemba

Nakaa mapokezi katika shule ya sekondari hapa Dodoma, na daftari la wageni ndilo jembe langu. Januari nilinunua kaunta buku ya kwaya nne, yaani kurasa 384, duka la vifaa vya ofisi karibu na soko la Majengo.

Kilichonifurahisha ni mshono. La mwaka jana lilikuwa la gundi tupu. Wiki ya kuripoti kidato cha kwanza, wazazi wa Bahi, Chamwino na Kongwa wamejipanga na magodoro na matranka, kurasa zikaanza kuchomoka. Agosti upepo wetu huu ukabeba mbili hadi uwanjani. Nilizikimbilia, maana moja ilikuwa na sahihi za wahitimu waliochukua vyeti vya kidato cha nne. Mtu akija kudai hajachukua chake, utamwonyesha nini?

Hili limeshonwa kwa uzi, jalada gumu, na hakuna karatasi iliyolegea. Wino hautokezi upande wa pili, hata wa dole gumba. Mistari tu ndiyo imebanana. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, niandikie wewe, hii siioni." Nikamwandikia.

Muuzaji alinifungulia matatu nichague mwenyewe, akanipa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kabla sijaomba. Mhasibu wetu hapokei kitu bila hiyo. Pembe za jalada zimechakaa, nimelivika kaki. Januari narudi pale pale kuchukua mawili.