Vichupo (tabs) 43 kwenye kompyuta ya RAM GB 4: programu ipi ya kuvipanga ununue, ipi upate bure

Msimu wa Maulidi ukikaribia, kompyuta ya ami yangu huwa haisogei. Ana nyumba ndogo ya wageni Shela, kisiwani Lamu, na kila anayeulizia chumba hufunguliwa vichupo vyake: barua pepe, kalenda ya vyumba, ndege za Manda, benki. Juzi nilihesabu 43. Majina yalikuwa yamemezwa yote, juu ya kivinjari vimebaki vijialama kama punje za mtama. RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ni GB 4, feni inavuma kama boti ya Mokowe, na betri ilishakufa, kwa hiyo mashine inaishi kwa waya.

"Mwanangu, nitafutie programu ya kuvipanga," akaniambia, "hata kama ni ya kulipia."

Nimezijaribu kadhaa. Matangazo yao yote yanasifia RAM tu. Sisi wa kisiwani tuna maswali mawili zaidi: kichupo kikiamshwa kitakula bando? Na stima ikipotea, nitavipata tena? Nimezipanga kwa maswali hayo.

Ya kwanza ni ile ambayo huenda unayo tayari: vichupo vya kulala vya Edge, kivinjari kinachokuja na Windows. Vipo tangu 2021. Kichupo usichokigusa kwa muda husinzia, na muda huo unaupanga mwenyewe kwenye mipangilio. Microsoft wanasema kinachosinzia kinapunguza matumizi ya memori kwa wastani wa asilimia 32. Mimi kilichonivuta ni kwamba kinagandishwa tu, kwa hiyo ukikibofya mara nyingi kinaamka na ukurasa ule ule bila kuupakia upya. Chrome nayo ina kipengele chake cha kuokoa memori, lakini hicho hukitupa kabisa kilichokuwa ndani. RAM inapumua zaidi, ila ukirudi ukurasa unapakiwa upya, na ukurasa wa vyumba wenye picha thelathini ni bando hilo linakwenda. Kama hubanduki kwenye Chrome, ingia mipangilio uziorodheshe tovuti zinazotakiwa kukaa macho daima. Kalenda ya vyumba iwe ya kwanza.

Ya pili ni OneTab, kiendelezi (programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari) cha bure. Unabofya mara moja, vichupo vyote vinafungwa na kugeuka orodha ya viungo (links) kwenye ukurasa mmoja. Wenyewe wanadai huokoa memori hadi asilimia 95. Sikupima, lakini kichupo kilichofungwa kitakula nini? Orodha inakaa ndani ya kompyuta yako, huhitaji kufungua akaunti. Ubaya wake: ukikiondoa kiendelezi, orodha nayo imekwenda. Kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini ami hunakili viungo vyote na kuvibandika kwenye faili ya maandishi. Dakika moja.

Session Buddy, kiendelezi kingine, naiweka ya tatu, kwa ajili ya stima. Inatunza kumbukumbu ya madirisha na vichupo vilivyokuwa wazi, ili mashine ikizimika ghafla uvirudishe. Chrome yenyewe ina mpangilio wa kuendelea ulipoachia, na siku nyingi huo unatosha. Kinachonikera ni pale kivinjari kinapofunguka kitupu baada ya kuzimika mara mbili mfululizo. Hapo ndipo utaitaka kumbukumbu ya pembeni.

Tree Style Tab ni ya watumiaji wa Firefox, bure pia. Vichupo vinashuka ubavuni kama mti, mtoto chini ya mzazi. Kwa mwanafunzi anayeandika utafiti ni raha. Ami aliiangalia akasema ni nasaba ya masharifu.

Za kulipia, kama Workona, nimeziweka mwisho. Zinapanga kazi kwa vyumba, kila mradi na vichupo vyake, na ukiingia kwenye kompyuta nyingine unavikuta. Kwa ofisi ya watu watano zina maana. Kwa mtu mmoja Shela ni ada ya dola kila mwezi kwa kitu kinachotegemea mtandao.

Kabla hujasakinisha chochote, angalia mwenye kiendelezi ni nani leo. The Great Suspender ilikuwa maarufu sana kwa kazi hii hii. Mwaka 2020 aliyeitengeneza akaiuza, na Februari 2021 Google wakaiondoa na kuizima kwenye kompyuta za watu kwa sababu ilikuwa na programu hasidi. Kiendelezi kinachosoma kila ukurasa unaoufungua kinasoma na ule wa benki.

Ami amebaki na Edge na OneTab, hakutoa hata shilingi. Pesa aliyokuwa ameiweka kando imenunua betri, ikaja na basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, ikavushwa kwa boti ndani ya gunia la viazi.