Vilivyonifaa na vilivyokaa bure sandukuni: siku 8 melini Mediterania na mama

Katika vyote nilivyonunua kwa ajili ya safari hii, hakuna kilichonifaa kama kulabu 10 za sumaku za pauni 8. Na kanga za mama, ambazo hazikununuliwa kwa ajili ya safari yoyote, zilizishinda hata hizo kulabu. Naandika haya kwa sababu kabla ya kuondoka nilitafuta maelezo ya mtu wa kwetu aliyewahi kupanda meli za matembezi, nikakosa. Nilichopata ni orodha ndefu za Wazungu, na nusu ya vitu vyao sikuvihitaji, huku nilivyovihitaji havimo.

Safari yenyewe ilikuwa ya usiku 7: Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo, siku moja nzima baharini, Palma, kisha Barcelona tena. Mimi nilitokea Uingereza ninakofanya kazi, mama akatokea Wete, Pemba, kupitia Dar es Salaam, tukakutana uwanja wa ndege wa Barcelona. Nilikuwa nimemwahidi tangu mwaka wa kwanza wa ajira. Tulichukua chumba cha ndani, kisicho na dirisha, kwa kuwa ndicho cha bei ya chini.

Nianze na begi la mkononi, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Bandarini masanduku makubwa yanachukuliwa na wapagazi, na huyaoni tena mpaka yaletwe mlangoni kwa chumba chako. La kwetu moja lilifika saa 2 usiku, na sisi tulipanda saa 7 mchana. Saa hizo zote unaishi na ulichokibeba mkononi. Mama ana presha, anameza dawa asubuhi na jioni. Dawa zake zote zilikuwa mkononi mwangu, ndani ya maboksi yake pamoja na cheti cha daktari, na nilimwomba aje na za siku 10 za ziada. Hospitali ndogo ya melini ipo, lakini kila huduma ni ya kulipia, kwa hiyo bima ya safari msiiache. Pasipoti ndiyo kabisa isiwekwe kwenye sanduku kubwa. Mbele yetu kwenye foleni palikuwa na bwana mmoja aliyeiweka humo. Alisimamishwa pembeni mpaka sanduku lake litafutwe katikati ya mamia ya mengine, na mkewe akawa analia.

Zile karatasi za jina na namba ya chumba zinazofungwa kwenye masanduku unazichapisha mwenyewe nyumbani. Zipitishieni plastiki au mkanda mpana wa gundi. Ya kwetu moja ilichanika kabla hatujafika mlango wa bandari.

Sasa kulabu. Kuta na dari za vyumba vya meli ni za chuma, zimefunikwa tu kwa ngozi nyembamba ya rangi au plastiki. Sumaku inashika kama imepigiliwa. Chumba chetu kilikuwa chembamba, tukipishana mmoja wetu lazima akae kitandani, na kabati lina nafasi ya nguo za watu wawili wasiokuwa na mambo mengi. Kulabu 10 zilitupa ukuta mzima: mabuibui mawili, mikoba, kofia ya jua, miwani ya mama kwenye kifuko chake, mitandio iliyofuliwa ikikauka karibu na tundu la hewa. Chukueni zile nene zenye pete ya kuzunguka, nyembamba zinateleza ukitundika kitu kizito. Tahadhari moja: msiziweke jirani na kadi ya mlango. Kadi yangu ililala usiku mmoja karibu na kulabu, asubuhi mlango haukufunguka, ikabidi niende mapokezi kupewa nyingine. Kadi hiyo ndiyo mlango, ndiyo pochi, ndiyo kitambulisho cha kutokea na kurudia melini, kwa hiyo bila hiyo huendi popote.

Wengi walivaa kadi zao shingoni kwa kamba yenye kifuko. Mimi nilinunua hizo kamba mbili. Mama hakuivaa ya kwake hata siku moja. Kadi aliifunga kwenye pindo la kanga, pale pale anapofunga pesa siku zote, na katika siku 8 hakuipoteza wala haikuharibika.

Alikuja na doti tatu, zote amezikata na kuzipinda. Kwenye ndege kanga ilikuwa blanketi. Melini ilikuwa shuka juu ya kiti cha kuotea jua, maana viti vile vinaunguza mchana. Ilikuwa ya kusalia, ya kujifunga ukitoka kuoga, ya kukingia upepo juu ya sitaha jioni, na siku ya kurudi ilizungushiwa chupa ya mafuta ya zeituni ya Palermo isivunjike. Taulo kubwa mbili nilizobeba kutoka Uingereza hazikukunjuliwa. Meli inatoa taulo za chumbani na za bwawani, na za bwawani zinaandikwa kwenye hesabu yako mpaka uzirudishe.

Lakini siku ya Roma ndiyo nisiyoisahau. Meli inatia nanga Civitavecchia, ambako kutoka Roma ni karibu kilomita 70, na tulipanda treni mpaka stesheni ya Roma San Pietro kisha tukatembea polepole hadi uwanja wa Vatikani. Kanisa la Mtakatifu Petro halimruhusu mtu kuingia mabega wazi au magoti wazi, mwanamume kwa mwanamke. Sisi na mabuibui yetu hatukuulizwa kitu. Mbele yetu alikuwepo binti wa melini kwetu, tulishamwona kwenye chakula cha asubuhi, amevaa gauni la mikono ya kamba. Alizuiwa, na wenzake walikuwa wameshaingia. Mama hakuniuliza. Alifungua mkoba, akatoa pande moja la kanga, akamfunika yule binti mabega yote mawili, akamfunga fundo mbele kama anavyonifunga mimi siku ya harusi. Binti akaingia. Alipotoka alitaka kuirudisha, mama akaniambia, "Mwambie achukue, mwanangu. Anaendelea kusafiri huyu." Binti akauliza yaliyoandikwa yana maana gani. Ilikuwa ile ya *Japo sipati tamaa sikati*. Nilimfasiria kadiri nilivyoweza, na usiku ule kwenye chakula alikuja amejitanda.

Siku hiyo hiyo nilijifunza habari ya viatu. Mitaa ya Roma imetandikwa vijiwe vidogo vya mraba, na kandambili nzuri za ngozi nilizozisifu dukani zilinitoa malengelenge kabla ya adhuhuri. Mama alivaa raba. Bebeni raba zilizokwisha kuvaliwa miezi kadhaa, siyo mpya.

Ipo orodha ya vitu vinavyokatazwa, na tafadhali isomeni kabla ya kufunga sanduku. Pasi, birika la umeme, koili ya kuchemshia maji, mishumaa, chochote cha moto wa wazi. Mama alikuja na chetezo kidogo cha udongo, makaa na udi wa kopo moja, kwa nia ya kufukiza chumba Ijumaa. Vyote vilionekana kwenye mashine ya ukaguzi. Walivichukua kwa adabu, wakaandika stakabadhi, na tulivipata siku ya kushuka. Alihuzunika, na mimi nilihuzunika zaidi, kwa kuwa kumwambia ilikuwa kazi yangu. Hata hivyo moto baharini si jambo la kuchezea. Mwenye kupenda harufu ya nyumbani afukize nguo kabla ya kuzikunja. Dira la mama lilinukia udi mpaka Genoa. Na lile dira, usiku wa mavazi rasmi, lilisifiwa na meza tatu. Msinunue magauni ya bei kwa ajili ya usiku huo kama mnalo dira zuri.

Waya wa ekstensheni nao meli nyingi haziutaki, hasa wenye kinga ya umeme ndani yake. Soketi chumbani zilikuwa za Ulaya, za matundu mawili ya duara, na moja ya Marekani. Plagi zetu za miguu mitatu, za Zanzibar na za Uingereza ambazo ni zile zile, haziingii kokote. Nilibeba adapta mbili ndogo na chaja moja ya kuchomeka ukutani, isiyo na waya wake, yenye matundu manne ya USB. Ilichaji simu mbili na tochi bila ugomvi.

Tochi sikuibeba kwa bahati. Chumba cha ndani ukizima taa ni kiza cha kaburini, huoni mkono wako, na mama huamka usiku. Lakini ninayo sababu nyingine. Sisi watu wa Pemba tunaijua bahari kwa njia nyingine. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea kwetu, na nyumba nyingi zilikaa matanga kwa wakati mmoja. Kwa hiyo yalipotangazwa mafunzo ya dharura, mimi na mama tulikuwa wa kwanza kufika kituo chetu cha kukusanyika. Honi fupi saba na ndefu moja: ukisikia hiyo, unakwenda kituoni. Zamani sheria iliruhusu mafunzo yafanyike ndani ya saa 24 baada ya kuondoka. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iliondoka Civitavecchia hiyo hiyo, ikagonga mwamba kisiwa cha Giglio usiku ule ule, watu 32 wakafa, na abiria waliopanda siku ile walikuwa hawajafanya mafunzo. Tangu 2015 ni lazima yafanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Niliona watu wakiyapita wakicheka na simu zao. Naomba msiwe hao. Hesabuni milango kutoka chumbani mpaka ngazi, na tochi ilale karibu na mto.

Kuhusu kichefuchefu: usiku wa kwanza kati ya Barcelona na Marseille meli inapita ghuba inayopigwa na mistral, upepo mkali unaoshuka kutoka bara la Ufaransa. Meli kubwa hazirushwi kama boti za Unguja na Pemba, zinayumba taratibu, na kwangu mimi hiyo ni mbaya zaidi. Nilimeza kidonge cha cinnarizine mapema, kabla ya kuanza kujisikia vibaya, na ndivyo inavyotakiwa, ukingoja moyo uchafuke umechelewa. Mama hakumeza kitu. Alitafuna tangawizi mbichi aliyokuja nayo, akalala. Mkichagua chumba, chagueni cha katikati ya meli na cha sitaha ya chini, hapo mtikisiko ni mdogo.

Sala ilinipa kazi nisiyoitegemea. Dira ya kwenye simu ndani ya chumba cha chuma inadanganya, ilizunguka kila nilipohama kutoka kitandani kwenda mlangoni, na kulabu zangu ziliizidishia. Kilichotuokoa ni televisheni. Ipo chaneli inayoonyesha ramani, mahali meli ilipo na inakoelekea. Kwa upande ule wa Mediterania kibla ni mashariki, ikiinama kusini kidogo. Tukitoka Palermo kwenda Palma meli ilielekea magharibi, kwa hiyo tuligeukia tezi, yaani nyuma ya meli. Ukishajua omo, yaani mbele ya meli, iko wapi, basi umemaliza. Chakula tuliomba halali wiki kadhaa kabla, na siku zisizokuwa na uhakika tulikula samaki na mboga. Kichupa cha pilipili ya kusaga nilichofungasha kwenye sanduku kubwa kiliisha siku ya tano, maana jirani zetu wa meza nao walikipenda.

Mengine kwa ufupi. Simu iwekwe hali ya ndege tangu meli inapoondoka bandarini, kwa kuwa mtandao wa baharini ni wa setilaiti na makato yake ni ya kutisha. Sabuni ndogo ya mkononi ni bora kuliko jeli ya spiriti, kwa vile virusi vya noro, vinavyoharisha watu melini, havifi vizuri kwa spiriti, vinaondoka kwa maji na sabuni. Sanduku liwe laini, lisilo gumu, liingie chini ya kitanda. Na saa ya mkononi, kwa kuwa meli haimngoji mtu aliyechelewa mjini.

Kilichokaa bure: kikaushio cha nywele (chumbani kipo), magauni matano kati ya tisa, zile kamba za shingoni, na mfuko wa viatu wa kutundika mlangoni ambao watu wanausifu sana. Kwetu ulizuia mlango wa choo kufunguka.

Siku ya kuagana Barcelona nilihesabu kulabu, nikakuta zimebaki nne. Nilipompigia mama wiki iliyofuata alinionyesha friji lake Wete: sita zimejipanga ubavuni, zimeshika kawa, kipepeo, funguo za uani na tochi niliyodhani nimeisahau melini.