Nilikwenda kliniki ya lishe kwa sababu ya magoti

Nakaa Kisauni, ghorofa ya tatu, na ngazi zilikuwa zimenishinda. Binti yangu akaniandikisha kliniki moja ya lishe kisiwani Mombasa, ada Sh1,500. Nimekwenda mara tatu, na pesa yangu haikupotea.

Mtaalamu ni kijana, naweza kumzaa. Akaniamkia, "Shikamoo mama," kisha akatoa futi kama ya fundi cherehani. Akanizungusha nayo kiunoni, akaniambia nipumue wala nisibane tumbo. Sentimita 104. Kwa mwanamke, ikipita 88 hatari imeshapanda sana. Uzito kilo 89, urefu mita 1.60, hesabu ya uzito kwa urefu (BMI) ikatoa karibu 35, na unene wa kupindukia huanzia 30.

Nilingoja anieleze sukari na presha. Akaanza na saratani. Mwaka 2016 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lilitaja saratani 13 zinazohusiana na mafuta kuzidi mwilini. Sita ni za mfumo wa kusaga chakula: utumbo mpana, ini, kongosho, kibofu cha nyongo, sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, na aina moja ya saratani ya umio, yaani mrija wa kupitisha chakula kutoka kooni. Mafuta ya tumboni hupandisha insulini na kuleta uvimbe wa ndani kwa ndani usioisha (ule wa mwili kuwaka, si wa saratani), na seli nazo huchochewa kuzaana. Kile kiungulia changu cha kila usiku, ambacho nimekituliza kwa maziwa miaka yote, kumbe huunguza umio polepole.

Mamangu mdogo alifariki kwa saratani ya utumbo. Nikamwuliza: ni unene wake? Akanyamaza kidogo, akasema kwa mtu mmoja huwezi kujua. Unene huongeza hatari, na wapo wembamba wanaougua. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo. Wengine wangenitisha tu.

Kilichoniudhi: nilipewa saa tatu, nikaonwa saa tano. Tena karatasi ya mlo ni ya Kiingereza, imejaa brokoli na oti. Mbaazi, mchicha, samaki, hakuna. Nilipomwambia, kijana aliigeuza akaandika nyuma kwa kalamu: hamri moja badala ya manne, mbaazi kwa tui jepesi, mchicha kila siku, chakula cha usiku mapema. Upande huo ndio nilioubandika jikoni. Kilo 4 zimeshuka.

Ukienda, wahi asubuhi, na umwombe akuandikie huko nyuma.