Dalali aliyeuza siri zetu kabla hajauza nyumba: nyota moja, labda mbili

Jamani kama una nyumba ya marehemu na unatafuta mtu wa kukuuzia, soma hii kabla hujasaini chochote. Mi nimetoka huko juzi juzi tu na bado nachemka. Jina la ofisi sitaji, nisije nikaitwa mahakamani mara ya pili kwa nyumba hiyo hiyo, ila mwenyewe akisoma atajijua.

Mi ndo msimamizi wa mirathi ya baba. Warithi tupo kadhaa, wengine hawasalimiani vizuri, kila ukoo una mambo yake. Tulichokubaliana ni kimoja, nyumba iuzwe, madeni ya marehemu yalipwe kwanza, kinachobaki kigawanywe.

Huyu kaka tulimpata kupitia mtu. Kuongea anajua, hilo nampa. Alikuja shati limenyooka, tableti mkononi, "pole sana na msiba dada yangu", pole zikazidi mpaka nikajikuta namfariji yeye. Nikamuuliza umeshauza nyumba ya mirathi, akasema nyingi sana. Nikamuuliza unahitaji nini kutoka kwangu, akasema hati na kitambulisho. Barua ya usimamizi je? "Ah hiyo ya baadaye dada, mteja akishalipa." Akishalipa! Sasa analipa kwa nani wakati mwenye jina kwenye hati kashazikwa, na cheti cha kifo hakimpi mtu ruhusa ya kuuza hata kijiko cha marehemu? Anayeuza ni msimamizi, na usimamizi wake ni hiyo barua ya mahakama, bila hiyo mnunuzi kanunua hewa. Ila mkataba wake ulikuwa wa muda mfupi na kamisheni inalipwa mauzo yakikamilika, siyo kama wale wengine niliowaendea wanaotaka kukufunga mwaka mzima halafu hata ukileta mnunuzi mwenyewe bado unawalipa. Kwa hiyo nikampa kazi.

Sasa njoo kwenye hili ambalo limeniondolea usingizi.

Siku hiyo nilikuwa kule stoo nyuma nafunga vitu vya baba kwenye maboksi. Dirisha la stoo linaangalia uani. Yeye hakujua kama nipo, akaingia na wateja, mume na mke. Mume anagonga gonga ukuta kwa vifundo vya vidole kama anachagua tikiti, mke anafungua bomba anafunga. Huyu kaka kajikalia kwenye kiti cha baba, anazungusha funguo zetu kidoleni, nikamsikia kwa masikio yangu anawaambia, "Hii ni ya mirathi, wenyewe hawaelewani na kuna madeni, huyo dada anataka hela haraka. Bei aliyoandika msiiogope, shusheni tu, mimi nitaongea naye."

Yaani nilibaki na gundi ya karatasi mkononi nashindwa hata kuikata.

Habari ya madeni nilimwambia mimi, tena kwa sababu aliniuliza kwa nini mnauza. Na habari ya kutoelewana kaijuaje kama siyo kwa kunywa chai yetu na kusikiliza? Mtu umemweka wewe, anakula kamisheni kutoka kwenye mali ya marehemu, halafu anamfanyia kazi mnunuzi! Nikatoka. Akanyanyuka haraka, "Oo dada kumbe upo, nilikuwa nawaelezea mandhari." Mandhari!!! Yule mke akaangalia chini, angalau yeye aibu alikuwa nayo.

Na kweli ofa ikaja, chini kabisa, mbali na alichoandika mthamini. Kaka wa watu akaanza, eti dada nyumba ya marehemu haifikagi bei ya soko, watu wanaogopa kesi. Sawa kuogopa kesi naelewa, ndo maana unamwonyesha mtu barua ya mahakama na ridhaa za warithi mapema ili asiogope, siyo unamshushia bei. Nikamweleza taratibu kabisa (nilikuwa bado nina adabu) kwamba hii siyo mali yangu niigawe ninavyotaka, mrithi mmoja akienda kulalamika kwamba nimeitupa nyumba, atakayeulizwa na hakimu ni mimi. Yeye haulizwi kitu. Na ukipiga hesabu unamwelewa, bei ikishuka sana kamisheni yake inapungua kidogo tu na kazi kaimaliza leo, pengo lote linabaki kwa warithi.

Basi akaniona mgumu, akampigia mdogo wangu pembeni. "Dada yako anachelewesha." Usiku huo grupu la familia la wasap liliwaka, shangazi anatuma voisi ndefu, mjomba kajitoa kwenye grupu, mtu mmoja kaandika naficha hela ambazo hata hazijaingia. Kwa simu moja tu ya dalali!

Haya sasa nisiwe mtu wa kusema mabaya tu. Huyu huyu ndo aliyeshika hati na cheti cha kifo akaviweka pamoja mezani akaona majina ya baba hayafanani, kwenye hati yapo matatu, kwenye cheti yapo mawili na moja herufi imekosewa. Sisi wote tulikuwa tumeviangalia hatukuona. Akasema mkarekebishe sasa mle kiapo cha majina, mkisubiri hadi siku ya kuhamisha umiliki mtakwama, na wakili baadaye akasema kijana kasema kweli, hapo ndo dili nyingi za mirathi zinapofia. Hela ya kuonyesha nyumba pia hakuwahi kuomba. Kwa hayo nilikuwa namwekea nyota tatu kabisa.

Lakini hapana. Nimekumbuka habari ya arbuni. Wateja walipotaka kuweka kitu kidogo, alisema waweke kwake, "nikutunzie dada". Unitunzie wewe kama nani? Kuna akaunti ya mirathi, kila kinachoingia na kutoka msimamizi anakitolea hesabu mahakamani, sasa nikaandike nini, kwamba arbuni iko kwenye simu ya dalali? Nyota moja.

Mkataba ulipoisha sikumwongezea. Nikapata mama mmoja mtu mzima, hana tableti, ana daftari. Kabla hajakaa akauliza, "Mwanangu, barua ya usimamizi iko wapi, na warithi wote wamesaini?" Nikampa, akazisoma zote kimya, ukurasa kwa ukurasa, akarudi nyuma kuangalia muhuri. Wateja wakimuuliza kwa nini wanauza anajibu "wanauza kwa sababu ni yao", na ofa anazipokea kwa maandishi tu. Tumeuza kwa bei ambayo haiko mbali na ya mthamini, na hela imepita mikono ya mawakili, imeingia akaunti ya mirathi. Huyo mama mkali kweli, simu hapokei jioni, na alinigombeza kwa kuacha majani yaote uani, lakini ningempa nyota zote.

Sasa juzi naona meseji ya yule kaka. "Sista, mteja aliyenunua ni wangu, nilimwonyesha mimi kwanza, naomba kamisheni yangu." Nimeusoma mkataba tena, kweli kuna kifungu kwamba mteja aliyemleta yeye akinunua hata baada ya muda kuisha, analipwa. Nikamuuliza mnunuzi, huyu mtu unamjua? Anasema hajawahi kumwona. Nimemjibu kaka anitumie jina la mteja na siku aliyomleta, ameisoma, tiki zote mbili za bluu, na hajaandika kitu mpaka sasa. Moja na nusu basi, kwa ajili ya yale majina.