Seti ya kutengenezea mota: sumaku nzuri, koili imeharibiwa

Msinunue hii seti kama kipindi chenu ni kesho. Nafundisha fizikia kidato cha nne, tumefika kwenye sumakuumeme. Nilitoa hela yangu mfukoni, si ya shule, nikaichukua duka moja Kariakoo ili wanafunzi waache kukariri mchoro wa ubaoni, waone kitu kinazunguka.

Hakikuzunguka. Koili, yaani ule waya uliozungushwa kuwa duara, iliruka kidogo, ikarudi, ikatulia. Tukabadilisha betri, tukaisukuma kwa kidole, ikawa inapigapiga huku na huku kama mlango usio na komeo. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Madam, kwa hiyo Fleming alitudanganya?" Darasa likacheka. Mimi niliumia. Kanuni ya Fleming ya mkono wa kushoto, ile ya kutumia vidole kujua waya wenye umeme utasukumwa na sumaku upande gani, haidanganyi. Aliyedanganya ni aliyefungasha hiki kiboksi.

Shida iko kwenye ncha za koili. Waya ule wa shaba umepakwa vanishi inayozuia umeme. Ncha moja huparuzwa yote, ya pili huparuzwa upande mmoja tu, ili mkondo ukatike koili ikishafika nusu mzunguko, na kasi yake yenyewe iimalizie nusu iliyobaki. Ukiparuza zote, ikifika nusu ya pili inasukumwa kurudi ilikotoka. Kukata au kugeuza mkondo kila nusu mzunguko ndiyo kazi ya komyuteta, sehemu ya mota inayoifanya iendelee kuzunguka upande mmoja, na ndilo somo lenyewe! Hawa wameleta koili inayong'aa ncha zote mbili, pande zote, halafu karatasi ya maelezo inasisitiza ncha zote zing'ae.

Nikarudi dukani. Kaka muuzaji hata boksi hakulifungua. "Madam, walimu wenzako wananunua kila siku, hakuna aliyerudisha. Labda hujui kuiunga." Mbele ya wateja! Nikamwomba anisikilize dakika moja tu, akaendelea kuhesabu chenji ya mtu mwingine.

Ila haki yake nimpe: sumaku ina nguvu kweli, na vishikio ni imara. Mwalimu mwenzangu alinipa rangi ya kucha, nikapaka nusu ya ncha moja, nikaacha ikauke. Ikazunguka mpaka waya hauonekani. Watoto walipiga kelele hadi darasa la jirani wakaja kuchungulia. Yule wa Fleming akaigeuza sumaku mwenyewe, koili ikazungukia upande wa pili, akabaki anavitazama vidole vyake.

Kwa hiyo nunueni, mkiwa na rangi ya kucha mkononi. Hapana, msinunue. Kama tone la rangi linatosha, kiwandani walishindwa nini? Kuna mwalimu mahali ana seti hii hii na kipindi cha dakika 40, na watoto wake wataondoka wakiamini kanuni ni za kujibia mtihani tu. Nilikuwa nimeweka nyota tatu. Naacha moja, ya sumaku. Hela yangu sidai tena. Nachodai ni ile karatasi ya maelezo iondolewe kwenye boksi zilizobaki dukani.