Rimu za inchi 16 kwenye IST: mtetemo, ringi za habu na barabara za Unguja

Gari ni Toyota IST iliyokuja na mipira ya 175/65R14, yaani upana wa milimita 175, ukuta wa asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 14. Nilichoifungia ni rimu za spoti za inchi 16 na mipira ya 195/45R16. Kwa lami ya Mjini hadi Fumba ni nzuri sana: gari inashika kona na haiyumbi. Kwa njia za shamba ni mateso. Na ule mtetemo unaolalamikiwa na kila anayebadilisha rimu, mara nyingi hautoki kwenye balansi.

Kwanza kimo. Mpira wa 175/65R14 una kimo cha milimita 583 hivi, wa 195/45R16 una 582, kwa hiyo spidi mita inabaki sawa. Wapo wanaofunga 205/50R16 kwa kuwa tu inaingia. Kimo hicho ni 611, karibu asilimia 5 zaidi: mshale ukisoma 80 unakwenda 84, gari inakuwa nzito kuondoka, na ukibeba watu mpira unasugua madigadi. Usivuke asilimia 3.

Sasa mtetemo wenyewe. Usukani ulikuwa umetulia mpaka 75, ukifika 80 unaanza kutetemeka, ukipita 100 unapungua. Duka lilirudia balansi na hali ikabaki ile ile, na sababu yake iko wazi. Mashine ya balansi inaibana rimu kwa koni katikati ya tundu lake, kwa hiyo pale inazunguka vizuri na namba inatoka sifuri. Kwenye gari, habu ya IST (kitovu kinachoingia kwenye tundu la katikati ya rimu) ina kipenyo cha milimita 54.1, na tundu la rimu hizi ni 73.1, maana zimetengenezwa ziingie gari za kila aina. Inabaki nafasi ya milimita 9.5 kila upande na rimu inategemea nati peke yake. Fundi akikaza nati moja mpaka mwisho kabla ya wenzake, rimu inakaa upande. Kwa kasi ya 100 gurudumu hilo linazunguka mara 15 kwa sekunde, na kila mzunguko unausukuma usukani.

Dawa ni ringi za habu: nje 73.1, ndani 54.1, moja kwa kila gurudumu. Kwa hewa yetu ya chumvi nachagua za plastiki ngumu, kwani za aluminiamu zinashikana na habu kwa kutu, ukipata pancha njiani rimu haitoki. Pandisha gari kwa jeki, isugue habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Hapa ndipo wengi wanapopuuza, na ganda la kutu upande mmoja linatosha kuipindisha rimu. Ringi isukumwe kwa mkono mpaka ikae imara. Ikicheza haina kazi. Ingiza nati zote kwa vidole, kaza kwa kuvuka msalaba gari ikiwa bado juu, kisha ishushe na umalizie kwa torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwenye Nm 103. Baada ya kilomita 100 zipime tena. Nati ziwe za koni, M12 uzi 1.5, zile za washa bapa za baadhi ya rimu asilia za Toyota hazikai kwenye tundu la koni. Baada ya hapo usukani ulitulia kabisa.

Kama wako bado unatetemeka: ukiusikia kwenye usukani, tazama magurudumu ya mbele; kwenye kiti, ya nyuma; ukikanyaga breki tu, ni diski. Hamisha ya mbele nyuma. Mtetemo ukihama nayo, kasoro iko kwenye rimu au mpira wenyewe.

Kisichotibika ni ukuta wa mpira. Ule wa 175/65 una milimita 114, huu wa 195/45 una 88. Ukiingia njia ya kijiji yenye vichwa vya mawe, kila pigo linafika kwenye rimu, na ukingo wa ndani ndio unaopinda, ule usiouona ukiwa umesimama nje. Balansi haiwezi kunyoosha rimu. Angalia pia namba ya uzito: mpira wa 175/65R14 kwa kawaida ni 82, yaani kilo 475. Kuna 195/45R16 zenye 80, kilo 450 tu. Dai 84 yenye alama ya XL, yaani mpira ulioimarishwa kubeba zaidi. Nyuma ya rimu soma ET, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu: ikishuka kutoka 45 hadi 35, gurudumu linatoka nje milimita 10, na beringi inabeba mzigo zaidi.

Nikinunua tena nachukua inchi 15 na 185/55R15. Kimo ni 584, ukuta 102, na ringi zile zile nitazihitaji. Mipira ya mtumba siichukui kwa kung'aa kwake. Nasoma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa kwenye ukuta wa mpira: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, halafu naukunja ukuta kwa dole gumba kutafuta nyufa.